Kiongozi ni Mjumbe

Wako watu wanaodhani ya kuwa kuchaguliwa ni kupandishwa juu ya wenzao. Mtu wa namna hiyo, akiisha kupigiwa kura, hubadili hata mwendo wake; na mzee aliyempa kura hiyo, akienda kumwona, hungojeshwa mlangoni kama mwombaji. Fikira hiyo ni mbovu, na historia ya Meru yaikanusha.

Mwezi Novemba, 1951, serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilitiwa moto. Wananchi wale hawakutafuta bwana mwingine wa kuwatawala. Walitafuta mtu wa kumtuma. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet New York, akayaeleze mashtaka yao mbele ya Umoja wa Mataifa.

Tuipime safari hiyo. Nauli haikuwa yake, wala maneno aliyoyabeba hayakuwa yake peke yake. Kila aliyetoa shilingi alikuwa na haki ya kuuliza imefanya kazi gani. Na jawabu halikuwa tamu: katika Baraza Kuu, hoja ya kuwatetea Wameru ilikosa theluthi mbili za kura. Mpenda ukubwa angejificha. Kirilo alirudi akawaeleza waliomtuma. Kisha akazunguka sehemu nyingine za Tanganyika, hata watu walio mbali na Meru wakafahamu ya kuwa msiba ule ungeweza kuwafika wao pia.

Miaka 15 baadaye, mwezi Januari, 1967, TANU ilikutana mjini Arusha, chini ya mlima ule ule, ikapitisha Azimio: kiongozi asiwe na mishahara miwili, wala hisa katika kampuni, wala nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Lakini sharti la Wameru halikuandikwa popote, na kwa hiyo hapana kikao kiwezacho kulifuta: aliyetumwa hana budi kurudi kutoa hesabu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema haulizwi.

Basi, ndugu wananchi, mgombea akija kwenu, msimwulize atakuwa nani akishinda. Mwulizeni atarudi lini, na atawaambia nini siku atakaporudi mikono mitupu.