Mwili Uko Kambini, Akili Iko Ziwani



Mama anapika maharage, yanaungua na yeye amekaa hapo hapo. Mtoto anaita mara tatu, hasikii. Mwili uko kambini, akili imerudi Rumonge, kwenye nyumba aliyoiacha. Wengi wetu tunaijua hali hiyo.

Kuna mazoezi mawili yanayosaidia, ila watu huyachanganya: kutafakari na kuzingatia.

Kutafakari ni kutenga muda. Unakaa, unatulia, unafuata pumzi yako au unarudia jina la Mungu. Waislamu wana dhikri, Wakatoliki wana rozari. Kuzingatia hakuna saa yake. Ukiosha sufuria, akili nayo iwe kwenye sufuria. Ikikimbia, irudishe bila kujigombeza.

Wavuvi wa Rumonge wanayajua yote mawili. Usiku wa giza wanawasha taa ziwani, wanakaa kimya mpaka ndagala wakusanyike. Huko kunafanana na kutafakari. Kukikucha, mtu anashona wavu tundu kwa tundu. Akiwaza mengine, ataruka tundu na samaki watapita. Huko ndiko kuzingatia. La kwanza hulifundisha la pili: aliyezoea kuirudisha akili akiwa amekaa, ataweza kuirudisha hata kwenye foleni ya maji.

Mtasema, kambini kimya kiko wapi? Kweli, lakini kuzingatia hakungoji kimya. Huko Rhino Camp, Uganda, wanawake wakimbizi kutoka Sudan Kusini walikaa kwa vikundi wakasikiliza masomo 5 ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: miezi 3 baada ya masomo, mzigo wa mawazo ulikuwa umewapungua kuliko wale ambao hawakuyapata.

Leo jaribu hivi. Kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Vuta pumzi polepole, itoe polepole. Taja vitu vitatu unavyoviona na sauti mbili unazosikia. Kisha rudi kwenye kazi yako.

Angalizo: ukifumba macho na mambo ya vita yakakujia, usijilazimishe. Fumbua macho, simama, na umweleze mhudumu wa afya. Si aibu.

Hakuna anayetuambia tuisahau Rumonge. Tuitengee muda wake, tukae, tuikumbuke. Lakini mtoto akiita, atukute tupo.