Njũgũna, Njûgûna na visanduku: fonti inapobadilishwa na maandishi yasibadilike

UKISHUKA Theta kuelekea Juja, au ukifuata barabara ya Ruiru hadi Thika, vibanda vya kuchapisha havikosi. Wateja wake wakubwa ni wanafunzi na familia zilizofiwa. Kijitabu cha mazishi cha huku aghalabu huwa na wasifu, picha na nyimbo za kanisa, na sehemu kubwa huandikwa kwa lugha ya Gĩkũyũ. Juzi nilipokea kimoja ambacho, kwenye wasifu, kila ĩ na ũ iligeuka kisanduku kitupu. Jina kama Njũgũna lilibaki na irabu moja tu. Kurasa mbili mbele, kwenye nyimbo, hakukuwa na visanduku. Badala yake irabu zilivikwa kofia: Njûgûna, Wanjikû. Waombolezaji walidhani ni kosa moja la kijana wa kompyuta. Kwa hakika ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Wasomaji wasiojua Gĩkũyũ wasidhani kiwimbi kile ni pambo. Lugha hiyo ina irabu saba, nasi katika Kiswahili tuna tano. Iria ni maziwa. Ĩrĩa ni kirejeshi, sawa na "ambayo" yetu. Kikamba, Kimeru na Kiembu nazo hutumia alama hiyohiyo.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi nambari. Fonti ndiyo inayoiambia nambari hiyo ichorwe vipi. Zamani umbo lilijengwa kwa vitone, kama ushanga, na ukilikuza lilitoka na meno kama msumeno. Fonti za mzingo hufanya vingine: huhifadhi mstari unaozunguka herufi, kwa vituo vichache na kanuni ya kupinda kutoka kituo hadi kituo. Ndiyo maana faili moja hutoa herufi ndogo ya tanbihi na herufi kubwa ya bango. Hesabu za mipindo hiyo, ajabu, zilikuzwa na wasanifu wa magari Ufaransa: de Casteljau wa Citroën na Bézier wa Renault.

Adobe walileta PostScript mwaka 1984, na fonti zake za Type 1 huchora kila mpindo kwa vituo viwili vya kuuvuta katikati ya ncha zake. Apple walitoa TrueType mwaka 1991, nayo hutumia kituo kimoja tu. Kutoka TrueType kwenda Type 1, mpindo huhama bila kupotoka, kwa sababu kanuni pana huimeza ile finyu. Kurudi kinyumenyume ni makadirio: programu hulazimika kukata mpindo mmoja vipande kadhaa ili ukaribiane na wa asili. Tena Type 1 kwa kawaida hupimwa kwenye gridi ya vizio 1000 na TrueType 2048, kwa hivyo vituo husogezwa kidogo. Maelekezo yanayosaidia herufi ndogo kusomeka kwenye skrini nayo hupotea njiani mara nyingi. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe walitangaza OpenType, ganda moja linaloweza kubeba mipindo ya aina zote mbili. Januari 2023 Adobe waliacha kabisa kuzikubali Type 1 katika programu zao. Hapo ndipo vijana wa vibandani walipoanza kutafuta FontForge, programu ya bure, ili wazibadilishe fonti za zamani. Si vibaya, mradi leseni ya fonti iruhusu. Jambo hili wengi hulipuuza.

Lakini hebu tuangalie kinachobaki palepale. Jedwali la herufi lililotawala kompyuta za miaka ya 1990, Latin-1, lilikuwa na kiwimbi juu ya a, n na o, kwa manufaa ya Wareno na Wahispania. Juu ya i na u hakikuwepo. Watu wetu wakajitafutia njia. Wengine waliandika î na û, ambazo zilikuwemo. Wengine waliingia ndani ya fonti, wakafuta kofia na kuchora kiwimbi mahali pake. Kwenye karatasi mambo yalikuwa safi kabisa! Ila kwenye faili nambari ilibaki ya û.

Ukiipeleka fonti kama hiyo kutoka Type 1 hadi OpenType, umebadilisha chombo cha mchoro tu. Maandishi bado yanasema û. Yafungue kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, au yanakili uyatume kwa simu, kofia zinarudi. Mjukuu akitafuta "Njũgũna" katika faili la babu yake, mashine itamjibu kwamba jina hilo halimo. Nyimbo za kile kijitabu zilitoka kwenye faili la aina hii. Dawa yake ni kubadilisha maandishi yenyewe: 238 iwe 0129 ya Unicode, na 251 iwe 0169 (hizi mbili za mwisho huandikwa kwa hesabu ya kumi na sita). Bila kusahau herufi kubwa. Na ifanywe kwenye vifungu vilivyoandikwa kwa fonti hiyo tu, la sivyo utaharibu neno la Kifaransa lenye kofia yake halali. Kagua kwanza pia, maana si kila mchoraji alitumia nafasi zilezile.

Wasifu, kwa upande wake, uliandikwa kwa simu, na nambari zake ni sahihi. Fonti ya mapambo iliyochaguliwa ndiyo haina ĩ wala ũ. Hapo usiguse maandishi. Chagua fonti nyingine, au umpe mchoraji aongeze irabu hizo mbili.

Walio na miswada ya miaka hiyo, iwe ya methali, tasnifu au kumbukumbu za kanisa, wasitupe fonti ya zamani hata baada ya kuibadilisha. Pasipo fonti hiyo, anayekuja baadaye hatakuwa na njia rahisi ya kujua kwamba û ile ilikusudiwa kuwa ũ.