Anayerudi Kutoka Utawani Asichekwe

Mwanafunzi anapomaliza shule ya upili na kuwaambia wazazi wake kwamba anataka kujiunga na shirika la watawa wa Kikatoliki, aghalabu nyumba hugawanyika. Wapo wanaoshangilia, na wapo wanaouliza ni nani atakayewalipia wadogo zake karo. Hayo hutokea Kibomet, karibu na Kitale, na hutokea Bungoma vilevile. Hata hivyo, kishindo kikubwa zaidi huwa pale kijana huyo anaporudi nyumbani baada ya mwaka mmoja au miwili. Majirani humnyoshea kidole. Husemwa kwamba ameshindwa, au kwamba amefukuzwa.

Dhana hiyo ni potovu, na yafaa walimu na wanafunzi wawe wa kwanza kuikataa.

Kanisa lenyewe halimchukulii kijana huyo hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, hakuna awezaye kuingia unovisi kabla ya kutimiza umri wa miaka 17, na kipindi hicho hakipungui miezi 12. Muda huo wote novisi yu huru kuondoka, na shirika nalo lina uhuru wa kumwambia arudi kwao. Akikubaliwa, huweka nadhiri za muda za useja, ufukara na utii, ambazo kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 6. Nadhiri za daima huja baadaye, na hazikubaliwi kwa aliye chini ya miaka 21. Isitoshe, nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila ni batili.

Ni dhahiri basi kwamba miaka hiyo ni ya kupima wito, wala si ya kungojea sherehe. Lakini kupima huko kuna faida gani ikiwa mlango wa kutokea umefungwa kwa aibu? Kijana anayeogopa kuchekwa kijijini atabaki, na ataapa mbele ya altare maneno ambayo moyo wake haukubaliani nayo. Watakaoumia ni yeye, wenzake wa jumuiya, na wagonjwa au wanafunzi watakaokabidhiwa mikononi mwake.

Tumkumbuke marehemu Kadinali Maurice Otunga, aliyezaliwa Chebukwa, Bungoma, mwaka 1923, mwana wa Chifu Sudi Namachanja. Alikataa kurithi uchifu wa baba yake, akachagua upadre. Alipadrishwa Roma mwaka 1950, na mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa kadinali. Kweli, alikuwa padre wa jimbo, si mtawa wa shirika. Lakini tunamsifu kwa kuwa aliisikiliza dhamiri yake, ilhali ukoo ulimtarajia kwingine. Ikiwa twamsifu aliyekataa kiti cha uchifu, mbona twamcheka anayekiri kwa unyofu kwamba kanzu ya utawa si yake?

Mwalimu anao wajibu mkubwa hapa, kwani mara nyingi ndiye mwanafunzi anayemwendea kwanza kutaka ushauri. Asimwulize tu kama anapenda kusali. Amwulize pia anakimbia nini. Je, ni umaskini? Ni ndoa asiyoitaka? Ni tamaa ya kusomeshwa bure? Sheria hiyo hiyo inakataza kumpokea novisi mwenye madeni asiyoweza kuyalipa, kwa kuwa utawa haukuwekwa uwe maficho.

Nawe mwanafunzi, ukisikia sauti ikikuita, ifuate bila woga. Ukigundua njiani kwamba hukuitwa huko, rudi ukiwa umeinua kichwa. Aliyejua ukweli kuhusu nafsi yake hakupoteza miaka yake. Nasi tuliobaki nyumbani tumkaribishe, tumpe kiti, tumwulize habari za safari. Wahenga hawakukosea waliposema hiari yashinda utumwa.