Kompyuta mpakato: Kalenda ya mnunuzi wa Arusha si ya Las Vegas

KILA mwaka, mwezi Januari, makampuni makubwa ya kompyuta hukutana Las Vegas, Marekani, katika maonyesho ya CES na kutangaza matoleo mapya ya mashine zao. Mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni hufanya hivyo tena mjini Taipei, Taiwan, katika maonyesho ya Computex. Waandishi wa nchi za Magharibi huwapa wasomaji wao ushauri uleule kila mara: usinunue wiki chache kabla ya tangazo, ngoja toleo jipya litoke, kisha nunua lililotangulia kwa bei iliyopunguzwa.

Ushauri huo una ukweli wake huko ulikotoka. Ukichukuliwa kama ulivyo na kupelekwa katika maduka ya Arusha, unaweza kumpotezea mnunuzi fedha badala ya kumwokolea. Anayeumia zaidi si mwenye kampuni ya utalii anayenunua mashine tatu kwa mkupuo, bali mzazi wa Ngarenanyuki, ng'ambo ya lango la Momela la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambaye kijana wake anakwenda chuo kikuu. Huko watu wanaishi kwa nyanya na vitunguu. Kwa mkulima wa aina hiyo kompyuta mpakato moja inaweza kumeza faida ya msimu mzima, na hakuna msimu wa pili wa kurekebisha makosa kabla chuo hakijafunguliwa.

Kwanza ni vyema kuona bei hushukaje huko mashine zinakotengenezwa, kwa kuwa hata huko mambo si mepesi kama inavyosimuliwa. Novemba 2020 Apple ilitoa MacBook Air yenye prosesa yake yenyewe, M1, kwa dola 999. Julai 2022 ikaja ile ya M2 kwa dola 1,199. Aliyesubiri akitumaini kwamba ya M1 itashuka katika duka la kampuni hiyo alisubiri bure: iliendelea kuuzwa kwa dola 999. Ya M2 ilishuka hadi bei hiyo Machi 2024, ilipotoka ya M3. Oktoba mwaka huohuo kampuni ikaongeza kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambayo mafundi huiita ramu, kutoka gigabaiti 8 hadi 16 bila kuongeza bei. Aliyenunua Septemba alilipa kiasi kilekile akapata nusu ya ramu hiyo.

Aliyepata hasara kubwa zaidi ni aliyenunua MacBook Air ya Intel iliyotolewa Machi 2020. Miezi minane tu baadaye ilikuwa imepitwa kabisa, na mfumo wa macOS wa mwaka 2025 haukubali tena MacBook Air yoyote yenye prosesa ya Intel. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama toleo jipya linakuja, kwani huja kila mwaka. Swali ni kama linalokuja ni badiliko la rangi na jina tu, au ni hatua itakayoifanya mashine ya leo iwe mzee kabla ya wakati wake.

Nguvu ya kusubiri inaogopwa na watengenezaji wenyewe. Mwaka 1981 kampuni ya Osborne ya California ilitoa kompyuta ya kubeba yenye uzito wa kilo 11 hivi kwa dola 1,795, ikauzika sana. Mwaka 1983 habari za mashine zake zijazo zilienea kabla hazijawa tayari. Wateja wakaacha kununua, na Septemba mwaka huo kampuni ikafilisika. Zipo sababu nyingine zinazotajwa, lakini tangu hapo makampuni mengi hujitahidi kufunga mdomo hadi siku ya uzinduzi.

Mashine iliyozinduliwa Januari haifiki Arusha Februari. Mpya hupitia kwa mawakala, nyingi kwa njia ya Dubai, kisha Dar es Salaam au Nairobi, ndipo zipande hadi kwa muuza rejareja. Mwenye duka aliyekwisha kununua mzigo wake kwa dola hawezi kupunguza bei kwa sababu tu kuna tangazo Marekani. Kwanza auze alichonacho arudishe mtaji. Punguzo la huko huchukua miezi kabla ya kuhisiwa hapa, na pengine humezwa na nauli na thamani ya shilingi.

Mkondo wa pili ni ule wa mashine zilizotumika. Ofisi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta zao baada ya miaka mitatu hadi mitano hivi. Zilizotolewa hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa jumla, na sehemu kubwa hupita Dubai na Sharjah kabla ya kuja Afrika Mashariki. Ndizo Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad ambazo mwanafunzi wa kawaida hununua. Kwa mnunuzi wa mkondo huu, uzinduzi wa mwaka huu hauna maana kubwa. Wenye maana ni ule wa miaka mitano au sita iliyopita, kwa sababu ndio unaoingia sokoni sasa.

Hapo ndipo penye mtego wa wakati huu. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10, isipokuwa kwa wanaojiandikisha katika muda wa nyongeza uliowekwa hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi, ukiondoa chache sana. Makampuni ya nje yaliyolazimika kuhama yalikuwa na sababu ya kuuza kwa wingi mashine za kizazi cha sita na cha saba, na mashine hizo zinapotolewa huko hutafuta wanunuzi kwingineko. Bei yao ni ya kuvutia, na sababu ya kuvutia ni kwamba wanaozijua wanazikimbia.

Muuzaji hatasema hivyo. Atasema "Core i5", au "Core i7" ili mteja aone amepewa kubwa zaidi. Maneno hayo peke yake hayaelezi kitu. Kinachotakiwa ni namba inayofuata: i5-6300U ni ya kizazi cha sita, i5-8350U ni ya kizazi cha nane, i5-1135G7 ni ya kizazi cha kumi na moja. Mwaka 2017, katika kizazi cha nane, Intel ilipandisha viini vya prosesa nyingi za mashine za aina hii kutoka viwili hadi vinne. Ndiyo maana i5-8350U huishinda i7-4600U ya kizazi cha nne, ingawa jina la pili linasikika la fahari zaidi. Namba hiyo huonekana kwenye ukurasa wa maelezo ya mfumo ndani ya kompyuta yenyewe, na kuitazama hakuchukui hata dakika moja.

Zipo njia za mkato za kuisimika Windows 11 kwenye mashine isiyostahili, na mafundi wanazifahamu. Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine hizo zitaendelea kupata masasisho. Kwa upande mwingine, mwenye fedha kidogo sana asidharau mashine ya kizazi cha sita iwapo atakubali kutumia mfumo wa bure wa Linux; kwa kuandika kazi za darasani na kusoma kwenye intaneti itamtosha. Alipe bei inayolingana na hali hiyo tu, na ahakikishe kwanza kwamba programu zinazodaiwa na kozi yake zinakubali mfumo huo.

Baada ya umri wa mashine, kinachofuata kwa uzito ni dola. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300. Katika mwaka 2024, wakati wa uhaba wa fedha za kigeni, ilikaribia 2,700, kisha ikashuka hadi karibu 2,400 mwisho wa mwaka huo. Mashine ya dola 400 kwa hesabu hiyo ilikuwa Sh 920,000, ikawa Sh 1,080,000, ikarudi Sh 960,000, bila mtengenezaji kubadili senti. Tofauti ya Sh 120,000 ndani ya miezi michache ni kubwa kuliko punguzo ambalo matoleo mengi mapya huleta kwa yaliyotangulia. Arusha ni jiji la watalii, na kwa muda mrefu yapo maduka yaliyozoea kutaja bei kwa dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zimepiga marufuku kutaja bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha hizo. Bei sasa iko kwa shilingi, ila mwenye duka anayeagiza nje bado anapiga hesabu zake kwa dola.

Kodi haina mengi ya kumngojesha mtu. Tangu ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki uanze Januari 2005, kompyuta zimekuwa katika kundi la asilimia sifuri. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani Tanzania Bara kimekuwa asilimia 18 tangu Julai 2009. Bajeti husomwa Juni na kuanza Julai 1, na kila mwaka huzuka uvumi wa bei kupanda au kushuka. Mwenye busara husubiri kusikia kilichosemwa bungeni. Wanaokimbilia Nairobi kupitia Namanga hukuta kodi ya aina hiyo ni asilimia 16, lakini mashine inatakiwa kutangazwa forodhani wakati wa kurudi, na ikiharibika dhamana yake iko ng'ambo ya mpaka. Ukijumlisha nauli, safari hiyo haina faida kwa mashine moja.

Halafu kuna msimu wa wanunuzi wenyewe. Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikitoka, ile ambayo vijana huiita "bumu", maduka hujaa, na mwenye duka aliyezungukwa na wateja hana sababu ya kusikiliza maombi ya punguzo. Mkulima wa Ngarenanyuki anaijua sheria hii kwa upande wake wa pili: nyanya za wote zikiiva kwa pamoja, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Kidato cha sita humaliza mitihani mwezi Mei na matokeo hutoka Julai. Mzazi anayeliona dalili njema hana haja ya kungoja majina ya waliochaguliwa. Miezi ya mvua za masika, watalii wakiwa wachache na maduka yakiwa matulivu, ndiyo ya kupatana.

Yote haya yanachukulia kwamba kusubiri hushusha bei, jambo ambalo kwa miaka mingi limekuwa kweli. Si kweli siku zote. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalizamisha viwanda vya diski ngumu, na bei zake zikapanda dunia nzima kwa miezi mingi. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, kompyuta ziliadimika. Mwishoni mwa 2025 bei ya chipu za ramu ilipanda kwa kasi kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia, na watengenezaji wa kompyuta wakaonya kwamba mashine zao zitapanda pia. Katika hali ya namna hiyo, mwenye fedha mkononi na shida ya kweli hana faida ya kungoja toleo jipya litakaloingia kwa bei ya juu zaidi. Badala yake achague mashine iliyokwisha kuwa na gigabaiti 16 tangu dukani, au walau 8 zenye nafasi ya kuongeza, kwa kuwa nyingi nyembamba za siku hizi zina ramu iliyochomelewa isiyoweza kubadilishwa.

Kwa anayetoka Momela kuna hesabu moja zaidi, ambayo mkazi wa Njiro au Kaloleni anaweza kuipuuza. Mashine ikigoma, kuirudisha dukani ni safari ya kukatiza hifadhi hadi Usa River, kisha barabara kuu ya Moshi hadi mjini, na siku nzima imekwisha. Kwa sababu hiyo mashine iliyotumika iwashwe dukani ikiwa imechomolewa chaja, iachwe ifanye kazi kwa nusu saa, na mnunuzi aone betri imeshuka kiasi gani. Namba yake ya utambulisho iingizwe kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona kama dhamana ingalipo, maana huhesabiwa tangu ilipouzwa mara ya kwanza huko ilikotoka. Risiti ya mashine ya EFD idaiwe, na muda wa kuirudisha uandikwe juu yake kwa kalamu ya muuzaji.