Kaye Moja kwa Kila Jamaa

Leo tuongee juu ya kaye na biki.

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwetu. Mwezi wa kwanza vita viliingia Goma. Mwezi wa pili vikafika Bukavu, na kambi zilizozunguka Goma zikavunjwa. Watoto wengi waliacha masomo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za serikali. Lakini akili ya mtoto haingoji vita viishe.

Mtauliza: tutafundisha na nini, nasi tulikimbia bila vitabu? Fundisheni kwa hadithi. Jioni, babu asimulie hadithi ya Sungura na Fisi. Ikiisha, awaulize watoto: Je, Fisi naye angesema nini? Mtoto mmoja ajibu kama Fisi, mwingine kama Sungura. Hayo ni masomo ya fasihi kweli. Mtoto aliyezoea kusikiliza pande mbili hatakubali upesi akiambiwa kwamba watu wote wa kabila fulani ni wabaya.

Kisha aandike. Agawanye ukurasa mara mbili: upande huu "Niliyoyaona", upande ule "Niliyoambiwa". Atashangaa kuona upande wa pili unavyojaa. Hata mahakamani hakimu humwuliza shahidi: uliona mwenyewe, au ulisikia? Tukijiuliza hivyo kila siku, uvumi hautapata nguvu ya kututuma kulipiza kisasi.

Ninyi wazazi, andikeni majina ya watoto, siku na mahali walipozaliwa, na nani alikuwapo. Sheria ya jamaa, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto aandikishwe katika siku 90. Zikipita, itabidi kupitia mahakamani, na huko kumbukumbu hizo zitawasaidia. Andikeni pia mipaka ya shamba: mto, mti, jina la jirani wa kila upande. Kaye si cheti, wala si hati ya shamba. Lakini siku ya kurudi, mbele ya shefu, maneno yaliyoandikwa mapema yatapunguza ugomvi.

Jihadharini jambo moja: msiandike humo majina ya watu mnaowashtaki. Kaye inaweza kupotea na kuleta hatari.

Nanyi viongozi, kati ya watu mliowapokea yumo mwalimu. Mtafuteni. Mpeni saa moja kwa siku, kanisani, msikitini au chini ya mti. Watoto wa wenyeji na wa waliokimbia waketi pamoja, wasikie hadithi moja.

Anzeni leo na kaye moja kwa kila jamaa.