Taa ya Bodi Ikikataa: Fuateni Volti Kwanza

Kikundi chenye sola na betri ya volti 12 kinaweza kujitengenezea bodi ndogo ya kuchajia simu. Inahitaji fyuzi, kipande cha 7805 kinachoshusha volti 12 ziwe 5, rezista mbili na taa mbili ndogo za LED. Ya kijani huonyesha kwamba stima ya betri imefika, nyekundu kwamba volti 5 zinatoka. Sasa taa moja ikikataa, wengi hukimbilia kuing'oa na kuweka mpya. Hiyo nayo ikiungua, lawama humwendea mwenye duka la spea, na pesa za kikundi zimeshakwenda.

Afadhali mita. Iwekeni kwenye volti za DC, kipimo cha 20. (Isiwe kwenye ampia, mtaiunguza.) Waya mweusi ukae kwa hasi ya betri usiondoke hapo. Mwekundu ndio unaotembea.

Anzeni na betri yenyewe. Ikiwa imejaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 11.8 imekwisha, na shida si ya bodi. Ichajiwe siku hiyo hiyo, maana betri ya asidi ikikaa tupu huharibika. Kisha guseni upande wa pili wa fyuzi. Mkipata sifuri, fyuzi imeungua. Tafadhali, msiweke karatasi ya sigara! Fyuzi haiungui bure. Ondoeni betri, geuzeni bodi juani, mtafute tone la risasi ya kulehemu lililounganisha mistari miwili ya shaba.

Halafu 7805, na hapa msiharakishe. Maandishi yakikutazama na miguu ikiwa chini, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa katikati ni hasi, wa kulia ni wa kutokea. Kulia pawe na volti 5. Lakini mguu wa katikati ukiwa haujashika vizuri, kulia hupanda hadi volti 10 na zaidi, na taa nyekundu huwaka vizuri ajabu. Watu hufurahi, ati bodi ina nguvu! Kumbe simu ya mwanakikundi iko karibu kuungua. Taa husema tu kwamba stima ipo, haisemi ni kiasi gani. Kwa hiyo simu isiunganishwe kabla mita haijasoma 5.

Ikiwa volti ziko sawa na taa bado imekataa, wekeni ncha zote mbili za mita kwenye miguu miwili ya taa hiyo. Karibu volti 2, stima inapita na taa inapaswa kuwaka. Mkisoma 12 kwa ile ya kijani, au 5 kwa nyekundu, basi taa imeungua ama imewekwa kinyume. Mguu mrefu ni chanya. Kama imeshakatwa, upande wa ukingo uliobapa ni hasi. Sifuri maana yake stima haifiki, na mara nyingi ni kiungo cha rezista kilicholegea.

Na ile taa inayoungua kila mara? Tazameni rangi za rezista. Ya kijani inataka 1K (kahawia, nyeusi, nyekundu) na ya nyekundu inataka 330 (machungwa, machungwa, kahawia). Zikibadilishana, taa ya kijani hupata miliampia 32 hivi, na nyingi za aina hii hazitakiwi kuzidi 20. Nyekundu nayo hubaki na 3 tu, inafifia.

Wakati mwingine nyekundu huzima baada ya muda, kisha inarudi yenyewe. Hapo msibadilishe kitu. Simu moja ikivuta nusu ampia, karibu wati 4 hugeuka joto ndani ya 7805, na kikipata moto sana hujizima. Kifungieni kipande cha alumini mgongoni, na mchaji simu moja moja.