Malkia Liliʻuokalani wa Hawaii: kukataa kumwaga damu si kukubali udhalimu

Mtu akidai haki anaitwa mtu wa vita; akikataa vita anaambiwa anyamaze. Historia ya malkia wa mwisho wa Hawaii inatuonyesha njia nyingine, na inaligusa kanisa la Kiprotestanti moja kwa moja.

Hawaii ni visiwa vya bahari ya Pasifiki. Leo ni jimbo la Marekani, lakini katika karne ya 19 ulikuwa ufalme huru wenye katiba, bunge na mabalozi. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walifika mwaka wa 1820. Waliandika lugha ya wenyeji, wakatafsiri Biblia, wakafungua shule. Watu wengi waliamini, na wakubwa wa ufalme pia.

Shida ilikuja kwa njia ya mashamba. Tangu 1848 ardhi iligawanywa iwe mali ya mtu binafsi, na mwaka wa 1850 wageni waliruhusiwa kuinunua. Baadhi ya watoto na wajukuu wa wamisionari wakawa matajiri wa miwa. Mapatano ya 1875 yakaruhusu sukari yao kuingia Marekani bila ushuru. Wakati huohuo magonjwa yaliyoletwa na wageni yaliwamaliza wenyeji. Kufika 1890 walibaki kama 40,000 tu.

Mwaka wa 1887 watu wenye silaha walimlazimisha mfalme Kalākaua kutia sahihi katiba mpya. Ilimnyang'anya mamlaka, tena iliweka masharti ya mali kwa wapiga kura, hata wenyeji wengi wakapoteza kura yao. Dada yake Liliʻuokalani alipotawala tangu 1891, wananchi walimwomba arekebishe jambo hilo, naye akatayarisha katiba nyingine.

Ndipo, Januari 1893, kundi dogo la wafanyabiashara na wanasheria likampindua. Lorrin Thurston, aliyewaongoza, alikuwa mjukuu wa wamisionari. Sanford Dole, aliyewekwa mkuu wa serikali mpya, alikuwa mwana wa misionari. Askari zaidi ya 160 kutoka meli ya kivita ya Marekani walikuwa wameteremka Honolulu.

Malkia hakutaka watu wake wafe. Tarehe 17 Januari aliacha utawala, lakini aliandika wazi kwamba anashindwa na nguvu za Marekani, na kwamba anangojea serikali hiyo isahihishe tendo la mjumbe wake. Rais Cleveland alituma mtu kuchunguza, akakubali kwamba malkia alionewa. Hata hivyo hakurudishiwa kiti chake.

Mwaka wa 1895 wafuasi wake walijaribu kuchukua silaha, wakashindwa. Malkia akafungwa katika chumba kimoja cha jumba lake mwenyewe. Humo alitunga wimbo unaojulikana kama Sala ya Malkia, unaomwomba Mungu asamehe dhambi za wanadamu.

Lakini kusamehe hakukumfunga kinywa. Mwaka wa 1897 wenyeji zaidi ya 21,000 walitia sahihi karatasi za kukataa kuunganishwa na Marekani, naye alikuwa Washington akitetea nchi yake. Mapatano ya kuwaunganisha hayakupita katika Seneti. Mwaka uliofuata, wakati wa vita na Uhispania, bunge la Marekani lilitumia azimio la pamoja na kuichukua Hawaii. Liliʻuokalani alikufa mwaka wa 1917.

Na kanisa? Januari 1993, miaka 100 baada ya mapinduzi, United Church of Christ, mrithi wa wamisionari wale, liliomba msamaha kwa wenyeji wa Hawaii. Novemba ya mwaka huo bunge la Marekani pia liliomba msamaha.

Wapendwa, tunajua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Ahabu alimfahamu Mungu wa Israeli, lakini hilo halikumzuia kutamani urithi wa jirani. Vivyo hivyo, Biblia iliyoletwa na wazazi haikuwazuia watoto wao. Kila kizazi lazima kiongoke chenyewe.

Basi tujiulize makanisani mwetu: jirani anaponyang'anywa shamba, tunasimama upande gani? Msamaha wa miaka 100 ni mzuri, lakini waliolia hawakuusikia. Tuseme ukweli mapema, bila panga na bila woga.